Kabalagala: Waliniuliza Nisichokula

Huku kwetu mtu akitaka kukufahamu hukuuliza unatoka wapi na unafanya kazi gani. Mimi nilifundisha shule ya msingi kwa miaka saba kabla ya kuhamishiwa ofisini Dodoma, na katika muda wote huo nimejaza fomu nyingi na kuwajazisha wengine fomu nyingi zaidi, zenye maswali ya kila namna. Lakini swali nililoulizwa mwezi wa Novemba 2024 katika mtaa wa Kabalagala, mjini Kampala, sijapata kuliona katika fomu yoyote. Niliulizwa: "Ninyi kwenu hamli nini?"

Nilikuwa nimetumwa. Mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme, alikuwa amepata mchumba wa Kiganda aliyekutana naye kazini Mwanza, na kwa haraka za ujana alitaka posa ipelekwe kabla ya Krismasi. Baba yetu, Mhaya wa Bukoba, alikwisha kutangulia mbele ya haki. Mama ni Mgogo, na mambo ya Wahaya huyaona kuwa ni ya nchi nyingine. Kwa hiyo mzigo ukaniangukia mimi dada mkubwa: nitangulie kimyakimya, nionane na shangazi wa binti, kisha nirudi na jibu. Kwa Waganda shangazi, ambaye humwita ssenga, ndiye mwenye neno katika ndoa ya binti wa kaka yake. Wazazi huweza kukubali, ssenga akikataa safari imekwisha.

Kutoka Dodoma nilikwenda kwa basi hadi Bukoba, nikalala mjini usiku mmoja. Kijijini kwa baba mdogo ni mwendo wa saa mbili tu kutoka pale, lakini nilijiambia kuwa nitapita nikirudi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nitalieleza baadaye. Asubuhi tukavuka mto Kagera pale Kyaka, kwenye daraja ambalo wazee wanakumbuka jinsi lilivyobomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, tukagonga mihuri Mutukula, tukashika njia ya Kyotera na Masaka. Karibu na Masaka niliona juu ya mapaa na katika viwanja safu za mabati mapya yaliyosimamishwa wima, kila bati na pipa chini yake na taa kali juu. Ilikuwa mitego ya senene. Usiku senene hufuata mwanga, hujigonga kwenye bati, huteleza na kuangukia pipani. Mama mmoja akapanda na beseni la senene za kukaanga, chumvi na vitunguu, akiuza kwa kikombe. Nyumbani kwa baba senene hazikuliwa, lakini tangu nianze kujitegemea nimezila kwa furaha, nami nikanunua vikombe viwili. Hilo lilikuwa kosa la pili.

Kabalagala iko kusini-mashariki ya katikati ya jiji, kando ya barabara ya Ggaba ielekeayo ziwani, katika wilaya ya Makindye, chini ya kilima cha Muyenga wanakokaa wenye uwezo. Mwenzangu mmoja wa ofisini alikuwa amenionya kuwa ni mtaa wa walevi. Hakusema uongo, ila hakusema yote. Barabarani, jua likizama, muziki hutoka katika kila mlango na kila mlango una wimbo wake. Bodaboda hupita kwa milimita. Vijana hukaanga chapati na kuiviringisha na mayai, chakula ambacho wao hukiita rolex. Kuna mikahawa ya Wahabeshi na Waeritrea ambamo kahawa huchomwa mbele yako pamoja na ubani. Lakini ukiacha lami na kuingia kichochoro hatua hamsini tu, unakuta nyua zilizofagiliwa, migomba mitatu, kuku, nguo za shule kwenye kamba, na bibi anayekwambia upunguze sauti.

Jina la mtaa huu ndilo jina la andazi lao, na kwa kuwa ukurasa huu husomwa na wapishi, nitaeleza nilivyoona likitengenezwa. Chukua ndizi ndogo za sukari zilizoiva hata ganda limeanza kuwa na madoa meusi, uziponde kwa mkono mpaka ziwe rojo bila kutia maji hata tone. Ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo huku ukikanda, hadi donge liache kunata mkononi. Wengine hutia pilipili ya unga kiasi. Sukuma kwa unene wa kidole kidogo, kata kwa mdomo wa bilauri, kaanga katika mafuta yasiyo makali sana, maana sukari ya ndizi huungua upesi. Yakipoa huwa laini na ya kutafuna, na hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Nilirudi nayo Dodoma yakiwa bado mazima.

Ssenga alikuwa ukumbini, amevaa gomesi, nami nikapiga magoti kumsalimu kama nilivyofundishwa. Pembeni yake alikaa mzee mmoja wa kanzu na koti, baba yake mdogo, polisi mstaafu aliyejifunza Kiswahili katika kambi ya Nsambya, si mbali na pale. Nami nilishukuru, kwa kuwa Kihaya changu ni cha kuokoteza. Binti mwenyewe alituletea chai. Baada ya habari za safari na za mvua, mzee ndipo akaniuliza lile swali.

Nikajibu kwa adabu kwamba sisi tunakula kila kitu.

Mzee akatabasamu kama mwalimu anayemsikia mtoto akisema mbili na mbili ni tano. Akaanza kunieleza. Kila Mganda ana ukoo, na kila ukoo una mnyama wake, au ndege, samaki, mdudu, hata mmea. Hicho ndicho muziro wao. Aliyezaliwa katika ukoo huo hakili, hakidhuru, na haoi mtu aliyezaliwa chini ya muziro huohuo, hata kama mmoja ametoka mashariki na mwingine magharibi na hawajapata kuonana, kwa sababu ni ndugu. Akazihesabu: Ngo ni chui, Ngeye ni mbega, Njovu ni ndovu, Lugave ni kakakuona, Ng'onge ni fisi maji, Butiko ni uyoga. Aliposema Mmamba nikadhani ni mamba wa mtoni, nikasema huyo kumwacha si kazi. Wote wakacheka. Mmamba ni kamongo, samaki yule wa ziwani anayeweza kuishi matopeni.

Mjukuu wa ssenga, msichana wa miaka kama kumi, yeye ni wa Mmamba kwa upande wa baba yake. Akaambiwa amwonyeshe mgeni. Akasimama, mikono nyuma, akataja jina lake, baba yake, babu yake, akapanda ngazi kwa ngazi bila kukwama hadi kwa Gabunga, mkuu wa ukoo. Ngazi zenyewe zimeitwa kwa mfano wa maisha ya nyumbani. Mkuu wa ukoo ni mwenye akasolya, yaani kilele cha paa. Chini yake kuna ssiga, neno ambalo ni ndugu wa figa letu la jikoni, kisha mutuba, ambao ni mti wa kutolea nguo za magome, kisha lunyiriri, yaani mstari. Nilifundisha darasa la nne kwa miaka mitatu na sikupata mtoto aliyekariri kitu kwa uhakika wa namna ile.

"Sasa wewe," akasema mzee. Nikataja jina langu, la baba, la babu. Nikanyamaza. Kimya kile, msomaji, sikitamani tena.

Ssenga akauliza kwa upole kama kweli hakuna kitu ambacho baba yangu hakula. Nami bila kufikiri nikasema: "Senene tu. Akiletewa zawadi ya senene kutoka Bukoba aliwagawia majirani. Alikuwa akisema ule ni mzio wake." Sisi watoto tulielewa kwamba akizila ataota vipele, kwa kuwa siku hizi hospitali ndivyo wanavyolitumia neno hilo. Ulimi ulikuwa bado haujapumzika nikasikia kishindo cha sinia mezani. Binti alikuwa ameliweka vibaya, akatoka nje.

Mzee ndiye aliyenieleza. Wao wenyewe ni wa ukoo wa Nseenene. Mzio wa baba yangu na muziro wa kwao ni neno moja na mdudu mmoja. "Mto Kagera haukati ukoo," akasema. Kama baba yangu alikuwa mtu wa senene, basi mdogo wangu na binti yule ni kaka na dada, na hakuna mahari inayofuta jambo hilo. Tutakunywa chai, tutaagana vizuri, na posa haitakuwapo. Nikafikiria mdogo wangu aliyekwisha kununua kitanda. Nikafikiria pia vikombe viwili vya senene vilivyokuwa bado tumboni mwangu. Hilo la pili sikulisema, na hadi leo hawalijui.

Hapo ndipo nilipoona kosa la kutokwenda kijijini. Nilimpigia simu baba mdogo, haikupatikana. Huwa anaizima ili kubana chaji. Tukakubaliana kungoja.

Usiku ule nyumba ilikuwa nzito. Aliyetusaidia ni kaka yake binti, aliyewahi kufanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya mji wa Pittsburgh, Marekani, kwa miaka sita. Labda ili kumfurahisha dada yake alisema kwamba huko nako ameona watu wenye wanyama wao, akatoa simu akatuonyesha picha. Niliona mbwamwitu wa rangi ya samawati akisukuma sanduku la safari, simba anapanda lifti, mbweha wawili wamekumbatiana mbele ya benki. Walikuwa watu wazima ndani ya mavazi ya manyoya.

Akatueleza. Hao ni wapenzi wa hadithi na michoro ya wanyama wanaosema na kutembea kama binadamu, nao hujiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wenye manyoya. Kila mmoja hujichagulia mnyama, humpa jina na tabia, humchora au humchoresha, na jina hilo ndilo wenzake watakalomwita. Mkutano wao wa kwanza wa namna hii ulifanyika Januari 1989 huko Costa Mesa, California. Ule wa Pittsburgh, uitwao Anthrocon, ulianza Albany mwaka 1997, ukahamia mjini humo mwaka 2006, nao hufanyika kila majira ya kiangazi. Siku hizi hukusanya watu zaidi ya 10,000. Wajerumani nao wana wao tangu 1995. Wengi huvaa mkia na masikio tu, au kitambulisho kifuani chenye picha ya mnyama wao. Vazi kamili hugharimu maelfu ya dola, na ndani yake ni joto kama tanuri. Kwa hiyo mvaaji hutembea na msaidizi wa kumwongoza kwenye ngazi, na huwekewa chumba chenye mapanga ya upepo na maji ambamo huvua kichwa na kupumua. Kuna maandamano barabarani ambayo wenyeji huja kuyatazama na watoto wao, na kuna michango kwa ajili ya vituo vya kutunza wanyama. Wenye mikahawa, alisema, huwapa mirija ili simba aweze kunywa bila kuvua kinywa.

Mimi kwanza niliona ni anasa ya watu walioshiba. Mzee hakucheka. Alivaa miwani, akaitazama picha ya mbwamwitu kwa muda, akaanza kuhoji kama vile yuko kituoni.

"Huyu mbwamwitu alipewa na nani?"

"Alijichagulia mwenyewe, babu."

"Na mwanawe atakuwa mbwamwitu?"

"Akitaka. Asipotaka atakuwa hata paka."

"Mbweha kwa mbweha wanaoana?"

"Hakuna anayewazuia."

Mzee akatikisa kichwa. Kisha akauliza lililo zito kwao, kwa kuwa kwa Waganda ukoo ndio unaosimama kaburini: "Na akifa, nani anamzika?"

Kijana akakaa kimya kidogo. Akasema pale hotelini palikuwa na mwanamke mmoja, mfanyakazi mwenzake wa kufua mashuka, asiye na mume wala wazazi, ambaye kila mwaka siku za mkutano huo aliomba ruhusa akavaa masikio ya sungura. Alipougua, watu waliotoka miji ya mbali walimjia kwa zamu, wakamwoshea vyombo, wakamlipia kodi ya chumba. Wengine walikuwa hawajui jina lake la kuzaliwa. Walimwulizia hospitali kwa jina la sungura. Alipofariki ndio waliojaza viti.

Mzee akavua miwani. "Basi hao ni ukoo," akasema. "Kinachowapungukia ni shangazi tu."

Hata binti alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Asubuhi simu ya kijijini bado ilikuwa imezimwa, na ili nisiketi nikimtazama binti wa watu machoni, mzee alinipeleka Kasubi yalipo makaburi ya Makabaka. Nyumba kuu ilijengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza, akazikwa humo mwaka 1884. UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001. Iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, ikajengwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ndani ya paa lake kuna pete 52 za nyasi, kila pete ukoo mmoja, ingawa koo zinazotambuliwa leo zimezidi idadi hiyo. Kuezeka ni kazi ya watu wa Ngeye, na kupamba ni ya watu wa Ngo. Mbega na chui! Nilipenda kwamba mnyama huko si jina tu la kujivunia, bali ni zamu ya kazi. Nguo za magome za jamaa wa kifalme hali kadhalika hutengenezwa na Ng'onge.

Njiani mzee alinisimulia mashindano ya mpira wa miguu ya koo, yaliyoanzishwa mwaka 1950 enzi za Kabaka Muteesa wa Pili. Yalikatika baada ya ikulu ya Mengo kushambuliwa mwezi Mei 1966, na ufalme wenyewe ukafutwa kwa katiba ya 1967 hadi uliporejeshwa mwaka 1993. Leo mashindano yapo tena, na wanawake hucheza netiboli. Mtu aliyepanga chumba Kabalagala, asiyemjua jirani wa mlango wa pili, huenda uwanjani akakuta elfu nzima ya watu wanaomwita ndugu. Na mgeni akisikia kuwa Uyoga umemfunga Ndovu mawili kwa sifuri asidhani amelewa.

Baba mdogo alipatikana jioni. Mzee aliomba sauti ya simu iwekwe wazi, na ukumbi mzima ukasogea. Kwanza nilikaripiwa. "Ulilala Bukoba usiku mzima, mwanangu, ukashindwa kufika?" Nilipoomba radhi mara tatu ndipo akajibu. Senene hazikuwa mwiko wa ukoo wetu. Zilikuwa za bibi yangu, mama yake baba. Bibi alifariki baba akiwa mchanga, mtoto akalelewa kwa wajomba zake, akala walichokula na kuacha walichoacha, na hata alipokuwa mtu mzima mwenye ofisi na kalamu mfukoni hakuona sababu ya kuwavunjia heshima waliomlea. Mwiko wetu sisi ni engabi, ambaye kwa Kiswahili ni pongo.

Mzee hakukimbilia kufurahi. Aliuliza majina ya mababu, na baba mdogo akayataja polepole huku mimi nikiyaandika katika daftari: saba, na la nane halikumbukwi na mtu. Akauliza kwao mama yetu; nikasema Ugogo, akapitisha. Akajiuliza mwenyewe kwao mama wa binti. Ni Nkima, yaani kima, basi hapagusani na pongo. Kisha akamgeukia ssenga, maana uamuzi haukuwa wake.

Ssenga alikubali kwa sharti. Watoto watakuwa wa pongo, hilo ni haki ya baba yao. Lakini katika nyumba atakayoketi binti yake senene zisikaangwe, zisiletwe kwa mfuko, wala mume asirudi usiku ananuka senene akidhani hajulikani. Nilikubali kwa niaba ya mdogo wangu, ambaye Novemba ikifika huacha hata nyama kwa ajili ya senene. Wakaniambia kwanjula, yaani siku ya utambulisho, itapangwa baada ya Pasaka, na kwamba atakayetutambulisha aje na yale majina saba kichwani, si katika daftari.

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa nimesimama barabarani pale Kabalagala, kidole kimoja sikioni kwa sababu ya muziki. Alipiga kelele za furaha hata bodaboda mmoja akageuka. Nikamweleza sharti. Akanyamaza.

"Dada," akasema, "nina kilo mbili kwenye friji."

Nikamwambia awagawie majirani.